Dharura Haifuti Daftari: Cheti cha Chanjo, Pesa za Corona na Kazi ya Bunge

Hotuba ya elimu ya uraia iliyoandaliwa kwa vikao vya ushirikishaji wa umma katika wadi. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Mada ya leo inahusu karatasi mbili. Ya kwanza ni cheti cha chanjo ya Covid-19, karatasi ambayo serikali ilimtaka mwananchi aionyeshe. Ya pili ni risiti, karatasi ambayo mwananchi ana haki ya kuitaka serikali iionyeshe. Wakati wa corona karatasi hizi zilizungumzwa kama mambo mawili yasiyohusiana, moja la hospitali na jingine la hazina. Ukizitazama kwa makini, zote zinaleta swali moja kwa mwenye madaraka: nani amekupa uwezo huo, na umeutumia vipi? Kazi ya kuuliza swali hilo kwa niaba ya wananchi, Katiba ililikabidhi Bunge, na huku mashinani ikalikabidhi Bunge la Kaunti.

Corona imepungua makali, na wengi wangependa kuisahau. Lakini ukame, mafuriko na kipindupindu bado vinatutembelea, na kila dharura huja na amri zake na bajeti yake. Yaliyotokea kati ya 2020 na 2022 ni somo ambalo Kenya ililipia ada kubwa. Ni vyema kulisoma kabla ya mtihani mwingine kufika.

Kanuni za haraka na mlango wa Bunge

Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, 2020. Shule zilifungwa. Kafyu ilianza Machi 27. Mwezi wa Aprili, watu wakazuiwa kuingia na kutoka eneo la Nairobi, kisha Mombasa, Kilifi na Kwale. Kafyu hiyo ilikaa hadi Oktoba 20, 2021, zaidi ya mwaka mmoja na nusu.

Hatua nyingi kati ya hizo ziliwekwa kwa kanuni na maagizo ya mawaziri, si kwa miswada iliyosomwa na kujadiliwa bungeni. Jambo hilo peke yake si kosa. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa Waziri wa Afya uwezo wa kutunga kanuni maradhi ya kuambukiza yanapozuka, kwa sababu maradhi hayangoji ratiba ya vikao.

Hata hivyo, uwezo huo una mipaka. Kifungu cha 94 cha Katiba kinasema kwamba hakuna mtu wala chombo kingine isipokuwa Bunge chenye uwezo wa kutunga jambo lenye nguvu ya sheria, ila pale Katiba au sheria inapompa uwezo huo. Na ipo sheria ya mwaka wa 2013 kuhusu kanuni zinazotungwa na mawaziri. Inataka kila kanuni iwasilishwe bungeni ndani ya siku 7 za vikao baada ya kuchapishwa. Isipowasilishwa, inakosa nguvu. Ikiwasilishwa, Kamati ya Sheria Ndogo huichunguza: je, waziri amekaa ndani ya mamlaka yake? Je, wananchi walishirikishwa? Je, kanuni hiyo inabana haki za watu kuliko inavyohitajika? Kamati isiporidhika, inaweza kupendekeza ifutwe.

Seneti nayo haikukaa kimya. Machi 31, 2020 iliunda kamati maalumu kuhusu hali ya Covid-19, iliyoongozwa kwanza na Johnson Sakaja, kisha Sylvia Kasanga. Kamati hiyo ilipokea maoni ya wananchi na kuandaa mswada wa kuipa nchi sheria moja ya kukabiliana na majanga ya maradhi, badala ya kutegemea amri moja baada ya nyingine. Bunge la 12 lilimaliza muda wake mwaka wa 2022 kabla mswada huo kuwa sheria.

Cheti: nani alipiga kura?

Chanjo za kwanza, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca kutoka mpango wa COVAX, zilifika Nairobi Machi 3, 2021. Mwanzoni dozi zilikuwa chache na foleni zilikuwa ndefu. Baadaye dozi zikaongezeka, lakini watu waliojitokeza hawakufikia idadi iliyotarajiwa.

Novemba 21, 2021, Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kuanzia Desemba 21, anayetaka huduma za serikali ana kwa ana angetakiwa kuonyesha ushahidi kwamba amekamilisha chanjo. Tangazo lilihusu huduma za ushuru, uhamiaji, usafiri, elimu na nyinginezo, pamoja na kuingia mahali kama hoteli na baa. Wakati huo, chini ya mtu 1 kati ya Wakenya 10 ndiye aliyekuwa amekamilisha chanjo. Wananchi walipewa siku 30.

Nia ya agizo hilo ilieleweka. Chanjo ziliokoa maisha ya watu wengi duniani, na mtu aliyechanjwa alikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuugua sana au kufa. Serikali ya Kaunti inaendelea kuwahimiza wakazi kuwachanja watoto na kukamilisha kila chanjo inayopendekezwa na wahudumu wa afya. Hilo halina mjadala.

Lakini cheti si chanjo. Chanjo inamkinga mtu. Cheti kinafungua mlango au kuufunga. Mlango wa ofisi ya umma unapofungwa, yule anayekaa mbali na kituo cha chanjo, yule asiye na simu ya kupakua cheti na yule ambaye jina lake halikuingizwa vizuri kwenye mfumo ndio hubaki nje. Huyo huyo ndiye anayehitaji kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto au karatasi za shamba. Ndiyo maana Kifungu cha 24 cha Katiba kinasema haki haiwezi kupunguzwa ila kwa sheria, na kwa kiasi kinachofaa tu, baada ya kuangalia kama kuna njia nyingine isiyoumiza sana.

Agizo lile lilitangazwa mbele ya wanahabari. Halikuwa sheria iliyopitishwa na Bunge. Mwananchi mmoja akaenda mahakamani, na Desemba 14, 2021, Jaji Antony Mrima wa Mahakama Kuu akalisimamisha kwa muda ili kesi isikizwe.

Siku hiyo hiyo, Desemba 14, 2021, wabunge wa Uingereza walikuwa wamekaa London kujadili jambo hilo hilo: je, watu nchini England waonyeshe pasi ya Covid kabla ya kuingia kwenye vilabu vya usiku na mikusanyiko mikubwa? Kila mbunge alipiga kura hadharani. Walioafiki walikuwa 369, waliopinga 126, na wengi wa waliopinga walitoka katika chama tawala chenyewe. Miezi sita kabla ya hapo, kamati moja ya Bunge hilo ilikuwa imeichunguza serikali na kusema haikuona sababu za kutosha za kuanzisha vyeti hivyo. Kanuni ilipita, ikatumika majuma machache, ikaondolewa mwishoni mwa Januari 2022.

Umoja wa Ulaya nao ulipitisha cheti chake katika Bunge la Ulaya mwezi wa Juni 2021. Sheria hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho iliyoandikwa ndani yake. Ilipotakiwa kuongezwa muda, ilibidi irudi kwa wabunge na sababu zitolewe upya. Pia ilimruhusu msafiri kuonyesha matokeo ya kipimo au ushahidi kwamba alipona, si chanjo peke yake.

Si kwamba Ulaya ndiyo kipimo cha kila jambo. Funzo ni kwamba swali moja lilijibiwa kwa njia mbili siku moja. London, anayepinga na anayeunga mkono walijua majina ya waliopiga kura, na wangeweza kuwauliza wakati wa uchaguzi. Nairobi, ilibidi mwananchi mmoja abebe kesi mabegani ili swali liulizwe. Mahakama ilifanya kazi yake, lakini mahakama huja mwishoni, na kesi ina gharama. Bunge linatakiwa kuuliza mapema, bila mwananchi kulipa wakili.

Pesa: risiti ziko wapi?

Sasa tuje kwenye karatasi ya pili.

Corona ilikuja na fedha nyingi kwa muda mfupi. Aprili 2, 2020, Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 50 za kuisaidia Kenya kukabiliana na ugonjwa huo. Mei 6, Shirika la Fedha la Kimataifa liliidhinisha mkopo wa dola milioni 739. Mwezi wa Aprili pia kodi zilipunguzwa: ushuru wa thamani ulishuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na wafanyakazi wenye mshahara usiozidi Sh24,000 kwa mwezi wakasamehewa kodi ya mapato. Nafuu ya ushuru wa thamani iliisha mwishoni mwa mwaka huo. Mikopo haikuisha. Inalipwa kwa kodi za wananchi, wakiwemo watoto ambao mwaka wa 2020 walikuwa hawajazaliwa.

Kisa kinachokumbukwa zaidi ni cha KEMSA, mamlaka ya serikali inayonunua na kusambaza dawa na vifaa vya matibabu. Wanahabari walianza kufichua habari za zabuni za vifaa vya corona katikati ya 2020. Mwishoni mwa Agosti, Rais Uhuru Kenyatta aliagiza uchunguzi ukamilike ndani ya siku 21. Seneti na Bunge la Kitaifa zikamtaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, achunguze. Ripoti yake maalumu ilitoka Septemba 2020.

Ripoti hiyo ilisema KEMSA ilinunua vifaa vya zaidi ya Sh7 bilioni bila bajeti iliyoidhinishwa kwa ununuzi huo. Baadhi ya kampuni zilipewa barua za kuahidiwa biashara bila utaratibu wa kisheria kufuatwa. Na vifaa vya zaidi ya Sh6 bilioni vilikuwa bado vimelala kwenye maghala, vilivyonunuliwa kwa bei ya juu wakati bei sokoni ilikuwa imeshuka. Wakuu wa mamlaka hiyo na wenye kampuni waliitwa mbele ya kamati za Seneti na Bunge la Kitaifa, wakaulizwa hadharani, na wananchi wakafuatilia kwenye televisheni na redio.

Desemba 2020, wahudumu wa afya waligoma. Miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya matibabu. Wenzao walikuwa wameugua, na wengine walikuwa wamekufa, wakiwahudumia wagonjwa. Maghala yalikuwa na vifaa, na wadi za hospitali zilikuwa zinavililia. Ni vigumu kupata mfano mwingine unaoonyesha wazi kwamba hesabu mbaya si jambo la wahasibu peke yao. Hesabu mbaya humfikia muuguzi mikononi na mgonjwa kitandani.

Wapo wanaosema wakati wa dharura hakuna nafasi ya karatasi, kwamba ukingoja kamati ya zabuni, watu watakufa. Hoja hiyo ina uzito wake. Na sheria yenyewe inaijua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inaruhusu ununuzi wa moja kwa moja panapokuwa na haja ya haraka. Inachokataa ni kununua kwa haraka kisha kukosa maelezo: nani alichaguliwa, kwa nini yeye, kwa bei gani, na mali iko wapi. Haraka inaruhusiwa. Kukosa kumbukumbu hakuruhusiwi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakutenga mwaka wa shida.

Uchunguzi wa Bunge nao ulikuwa na upungufu. Ulikuja baada ya pesa kutumika. Kamati huita watu, huandika ripoti na kutoa mapendekezo, lakini ripoti ikiwekwa kwenye kabati bila kufuatiliwa, haileti dawa wala hairudishi shilingi. Ndiyo maana Katiba haikuliachia Bunge kazi hii peke yake.

Na huku kwetu kaunti?

Ingekuwa rahisi kuzungumzia Nairobi na kuishia hapo. Lakini kaunti zote 47 zilipokea pesa za corona. Serikali ya Kitaifa ilitoa Sh5 bilioni kama ruzuku yenye masharti kwa kaunti, na kaunti zenyewe zilibadilisha bajeti zao ili kujenga wadi za kutenga wagonjwa, kununua vitanda na kuajiri wahudumu. Mkaguzi Mkuu alifanya ukaguzi maalumu wa matumizi hayo pia, na kamati ya Seneti inayochunguza hesabu za kaunti ikazipitia ripoti. Kwa hiyo maswali yaliyoulizwa KEMSA ni maswali halali kwa kaunti yoyote, hii ikiwemo.

Sheria imeweka vizuizi kadhaa ambavyo kila mkazi anafaa kuvijua.

Kaunti inaweza kuwa na Hazina ya Dharura chini ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Malipo kutoka hazina hiyo katika mwaka wa fedha hayafai kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyo katika hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Waziri wa Fedha wa kaunti akishalipa, ana miezi 2 ya kuomba idhini ya Bunge la Kaunti. Maana yake ni kwamba daraja likisombwa na maji leo, pesa zinaweza kutoka upesi, lakini maelezo lazima yafuate.

Mkaguzi Mkuu ana miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha ili kukagua na kutoa ripoti. Kifungu cha 229 cha Katiba kinamtaka aseme kama pesa zilitumika kwa mujibu wa sheria na kwa manufaa. Ripoti ikifika, Bunge la Kaunti lina miezi 3 ya kuijadili na kuchukua hatua. Kamati zake zina uwezo, chini ya Kifungu cha 195, wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi au alete stakabadhi, kama Mahakama Kuu inavyoweza.

Na Kifungu cha 226 kinasema afisa anayeidhinisha matumizi ya pesa za umma kinyume cha sheria atawajibika kwa hasara hiyo yeye mwenyewe, awe bado ofisini au ameshaondoka.

Mkazi afanye nini?

Bunge huuliza vizuri zaidi likijua kwamba wananchi wanasikiliza. Dharura nyingine ikitangazwa, iwe ya maradhi, njaa au mafuriko, mkazi anaweza kubeba maswali matano.

Kwanza, amri hii imetoka katika sheria gani, na imechapishwa wapi? Tangazo la redioni si sheria mpaka lionyeshe mizizi yake.

Pili, inaisha lini? Amri ya dharura isiyo na tarehe ya mwisho hugeuka kuwa desturi.

Tatu, asiyeweza kutimiza sharti hili atahudumiwa vipi? Kama ni cheti, kuna njia gani kwa asiye na simu, kwa mgonjwa aliyeshauriwa na daktari asichanjwe, na kwa anayeishi mbali? Na taarifa zake za afya, ambazo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu kuwa nyeti, zinatunzwa na nani?

Nne, pesa zimetoka mfuko gani, na Bunge la Kaunti liliziidhinisha lini?

Tano, kilichonunuliwa kiko wapi sasa? Swali hili ndilo fupi kuliko yote, na ndilo lililofichua maghala yaliyojaa.

Mahali pa kuyapeleka pako. Mwakilishi wa Wadi ndiye wa kwanza, kwa sababu anaweza kuliinua swali kwenye kikao. Mkazi pia ana haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa Bunge la Kaunti chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti. Na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuandika kwa ofisi yoyote ya umma akiomba stakabadhi, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza anazitakia nini. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Kama habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ikikataa bila sababu, malalamiko huenda kwa Ofisi ya Ombudsman. Asiyejua kuandika asaidiwe na ofisi yenyewe kuweka ombi lake kwenye maandishi. Hiyo pia ni sheria.

Vikao vya bajeti navyo visionekane kuwa vya watu wachache. Taarifa ya sera ya fedha ya kaunti hufika kwa Bunge la Kaunti kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mkazi anayehudhuria mwezi wa Machi ana nafasi ya kubadilisha jambo. Anayelalamika mwezi wa Julai anakuta mkataba umeshatiwa saini.

Ndugu wananchi, kumuuliza kiongozi risiti si kumdharau. Afisa mwaminifu hufurahi kuulizwa, kwa kuwa daftari lake ndilo shahidi wake. Na serikali inayomtaka mwananchi aonyeshe cheti mlangoni inafaa kuwa ya kwanza kufungua mafaili yake mezani. Wauguzi walioingia wadi bila mavazi ya kutosha walitimiza wajibu wao kwanza, wakadai baadaye. Deni letu kwao ni kuhakikisha kwamba safari ijayo vifaa vitafika mikononi mwao, na kwamba karatasi ya kuthibitisha hivyo itapatikana kwa yeyote atakayeiomba.